Ubao Uliokatwa Vipande

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pasi, mama alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi, akafumba macho na kuomba. Alimshukuru Mungu kwa usingizi, akaomba baraka ya kazi, kisha akawataja watoto wake wawili, mkubwa kwanza. Mama alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilijaa kamba za nguo za watu, na aliyetaka kufika mlangoni ilimbidi ainame chini ya mashuka.

Mtoto mkubwa, msichana, aliitwa Kiranja. Jina hilo alilipata alipochaguliwa kuwa kiranja wa darasa la sita, likamfuata hadi nyumbani, kwa sababu hata huko alisimamia kila kitu: nani aoge kwanza, ndoo ipi ni ya kufulia na ipi ni ya maji ya kunywa, viatu vikae wapi. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa darasa la kwanza, aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Alikuwa na pengo la meno ya mbele na sauti nzuri ya kuimba.

Asubuhi hiyo Kitinda alikuwa anafunga viatu huku akiimba silabi za shuleni. Ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, da de di do du, akaendelea mpaka mwisho bila kukosea. Mama alimsikiliza huku akikunja mashati, lakini uso wake haukuwa na furaha. Jana yake alikuwa ameitwa shuleni. Mwalimu wa darasa la kwanza alimweleza kwamba Kitinda hajui kusoma, na kwamba asipoweza kusoma sentensi fupi mwisho wa muhula, atarudia darasa.

Kiranja alipoambiwa hakukubali. Alisema labda mwalimu amemchanganya na mtoto mwingine, maana huyu silabi zote anazo kichwani.

"Mwalimu hana sababu ya kunidanganya," mama alisema. "Mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Wewe ndiye umemtangulia, mwanangu. Msaidie mdogo wako."

Kiranja aliahidi. Alichukua begi, akainama chini ya mashuka, akamshika Kitinda mkono.

Siku hiyohiyo mwalimu wa stadi za kazi aliingia darasa la sita akiwa na mwenzake wa darasa la kwanza. Yule wa stadi za kazi alikuwa mrefu, na daima alikuwa na penseli nyuma ya sikio. Yule wa darasa la kwanza alikuwa mama wa makamo ambaye wanafunzi wote walimwita Mwalimu Taratibu, kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Walimu hao wawili walieleza kwamba wamekubaliana jambo. Watoto wengi wa darasa la kwanza walikuwa nyuma katika kusoma. Wanafunzi wa darasa la sita watagawanywa katika vikundi, na kila kikundi kitatengeneza kifaa cha kuwasaidia wadogo zao.

Kulikuwa na sharti. Kabla ya kushika msumeno, sindano au brashi, kila kikundi kiende kwanza darasa la kwanza wakati wa kipindi, kikae na watoto, kiwatazame wanavyosoma na kuwauliza maswali. Baadaye kitengeneze mfano kwa boksi, kiwape watoto waujaribu, kisha ndipo kitengeneze kifaa chenyewe.

"Msiniletee dawa kabla hamjajua mgonjwa anaumwa nini," alisema mwalimu wa stadi za kazi.

Vikundi alivipanga mwenyewe, na makusudi aliwachanganya wanafunzi ambao hawakuzoea kukaa pamoja. Kiranja, aliyetaka kuwa na wenzake wanaoongoza darasani, alipangwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Randa, binti wa seremala, msichana mwenye maneno machache na mikono yenye makovu madogomadogo. Wa pili alikuwa Pindo, mtoto wa fundi cherehani, mvulana aliyeweza kushona mfuko wa suruali huku akipiga soga, na mara nyingi soga ndiyo iliyozidi.

"Tumekwisha," Pindo alimnong'oneza Randa. "Huyu hata akilala anaandika majina ya wapiga kelele."

Kiranja alisikia, akajifanya hakusikia. Walipokutana nyuma ya darasa, aliwaambia kwamba hakuna haja ya kupoteza vipindi kwenda kukaa na watoto. Mtoto wa darasa la kwanza anaye nyumbani, anamsikia kila siku. Kinachotakiwa anakijua tayari: ubao mkubwa wa mbao, wenye silabi zote zilizopangwa mstari kwa mstari, zilizopakwa rangi nzuri, utakaotundikwa ukutani. Randa atatengeneza ubao. Kiranja ataandika silabi, kwa kuwa mwandiko wake ndio mzuri kuliko wote.

"Na mimi?" Pindo aliuliza.

Kiranja alifikiri kidogo, akamwambia atashika rula na kufagia vumbi la mbao.

"Kwa hiyo mimi ni fagio," Pindo alisema. Tangu hapo alifanya kazi nusunusu.

Randa aliuliza kwa sauti ya chini kama wasingeenda japo mara moja, maana mwalimu amesema. Kiranja alijibu kwamba kuuliza ni kwa asiyejua. Basi vipindi ambavyo vikundi vingine vilikwenda kukaa na watoto, wao walivitumia kwenye karakana ya baba yake Randa, wakipiga randa na msasa. Baba yake Randa aliwapa mbao laini zilizobaki kwenye kazi ya makabati, akasema hana nyingine za kuwapa, kwa hiyo wapime vizuri kabla ya kukata.

Baada ya siku kadhaa mwalimu wa stadi za kazi alipita kukagua. Alitazama ubao uliokuwa umeanza kupendeza, akauliza watoto walisemaje.

"Tuliwauliza, Mwalimu," Kiranja alijibu. "Walisema wanataka ubao mkubwa."

Neno lilitoka kirahisi, kama vile lilikuwa limekaa mlangoni likisubiri kufunguliwa. Randa aliinamisha uso na kuendelea kupiga msasa mahali palipokwisha kuwa laini. Pindo alikohoa. Mwalimu alisema vizuri, akaenda zake.

Ubao ulipokamilika, hakuna aliyebisha kwamba ulikuwa mzuri. Silabi ziliandikwa kwa rangi nyekundu na bluu juu ya nyeupe, herufi zimesimama sawasawa kama askari kwenye gwaride. Ilibidi wanafunzi wanne waubebe hadi darasa la kwanza, ukatundikwa juu ya ubao wa chaki. Mwalimu mkuu alikuja kuutazama, na walimu wengine wakasimama mlangoni.

Mwalimu Taratibu alishika fimbo ndefu, akagusa silabi ya kwanza. Darasa zima liliitikia kwa sauti moja. Fimbo ilisogea, sauti ikasogea. Watoto waliimba ubao wote mpaka mwisho, na Kitinda, aliyekaa mstari wa mbele, sauti yake ilikuwa juu ya zote. Walimu walipiga makofi. Mwalimu mkuu alisema kazi kama hiyo inafaa kubaki darasani daima. Kiranja alimtazama mdogo wake, akajiona amekwisha kutimiza ahadi aliyompa mama.

Mwalimu Taratibu hakupiga makofi. Alimwita Kitinda mbele, akakunjua kitambaa cha mezani chenye tundu katikati, akakitundika juu ya ubao mpaka ikabaki silabi moja tu inayoonekana. Ilikuwa "do".

"Taratibu, baba," alimwambia. "Hii ni nini?"

Midomo ya Kitinda ilianza kucheza, na wote wakasikia akinong'ona kuanzia mwanzo kabisa: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu. Alikuwa anapanda kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Alipofika mstari wa "da" alishindwa kujua asimamie wapi, akarudi mwanzo.

Mwalimu aliita mtoto mwingine, akamwonyesha silabi nyingine. Naye akaanza kunong'ona. Wa tatu, msichana mdogo mwenye sauti kubwa, alikunja mikono kifuani na kusema wazi, "Kuanzia mwanzo naijua, Mwalimu. Hapo katikati siijui."

Walimu wawili watatu walicheka, kisha wakaacha. Mwalimu mkuu alikaribia ubao na kuutazama upya. Sasa kila mtu aliona. Watoto hawakuwa wanasoma. Walikuwa wanaimba wimbo, na ubao ule mzuri, uliozipanga silabi kwa utaratibu uleule wa wimbo, uliwasaidia kuimba tu.

Mwalimu wa stadi za kazi aligeuka. Aliwauliza Kiranja na wenzake, bila ukali, je, walipokaa na watoto hawakuligundua jambo hilo?

Pindo alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba alikuwa anatafuta namna ya kuwaokoa, pengine kusema siku ile watoto wengi hawakuja. Kiranja naye alikuwa na maneno ya kujitetea. Angeweza kusema watoto ndio waliotaka ubao, nani atabisha? Watoto wenyewe walikuwa na miaka sita na saba.

Lakini Kitinda alikuwa bado amesimama mbele, peke yake, kitambaa kikining'inia juu ya kichwa chake. Alimtazama Kiranja.

"Dada," alisema, "nimekuharibia ubao wako?"

Kiranja alimwendea mdogo wake, akamshika bega, ndipo akamgeukia mwalimu.

"Hatukuwauliza, Mwalimu. Hatukuja hata siku moja. Mimi ndiye niliyesema tusije, na mimi ndiye niliyekudanganya. Randa alitaka tuje, nikamkatalia."

Mwalimu mkuu alisema hilo atalizungumza naye ofisini. Huko ofisini alimwambia kwamba atavua beji ya ukiranja mpaka muhula ujao, na kwamba mama yake ataelezwa. Kiranja alivua beji na kuiweka mezani. Haikuwa nzito, lakini alipotoka nje alijiona kama amesahau kitu.

Jioni mama alisikiliza habari yote akiwa amesimama na pasi mkononi, akasahau kuiinua kwenye shuka, mpaka Kitinda akamwonyesha moshi. Hakumpigia Kiranja kelele. Alitoa pasi juu ya shuka la mteja, akatazama alama ya hudhurungi iliyobaki, akashusha pumzi.

"Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Uongo umeusema wewe, na anayerudia darasa ni huyu. Kesho nenda ukaombe kuanza upya. Mungu humpa nafasi anayeitafuta."

Walimu walikubali. Muda uliobaki kabla ya mtihani wa kusoma ulikuwa mfupi, kwa hiyo mwalimu wa stadi za kazi alitoa agizo moja tu: safari hii Kiranja ataruhusiwa kuuliza, lakini haruhusiwi kujibu.

Asubuhi iliyofuata watatu hao waliketi nyuma ya darasa la kwanza kwenye viti vidogo, magoti yakigusa videvu. Pindo alisema akiinuka kiti kitainuka naye. Kisha wakanyamaza na kutazama. Kwa Kiranja ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Kila mtoto alipokosea, jibu lilimjia kwenye ulimi, naye akaling'ata.

Walipotoka, kila mmoja alikuwa ameona jambo lake. Randa aliona mikono. Alisema hakuna mtoto aliyekaa bila kushika kitu: kifuniko cha chupa, kokoto, kipande cha chaki. Wakinyang'anywa vitu hivyo, macho yao nayo yanatoka darasani. Pindo aliona mabegi. Mabegi yote ya darasa la kwanza yalikuwa ya aina moja, rangi moja, yamerundikwa kwenye kona moja. Hata hivyo kengele ilipolia, kila mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye lake. Mmoja alitambua uzi mwekundu kwenye mshono, mwingine kiraka, mwingine zipu iliyovunjika.

"Hawa alama wanazijua kusoma," Pindo alisema. "Ila wanasoma ile wanayoihitaji, na hawaimbi kuanzia begi la kwanza."

Kiranja alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Yeye mwenyewe alikuwa amemuuliza Kitinda swali moja wakati wa mapumziko, la kwamba wanaposoma pamoja huwa anatazama wapi. Kitinda alijibu bila wasiwasi kwamba anatazama mdomo wa yule msichana mwenye sauti kubwa. Na msichana mwenye sauti kubwa alipoulizwa, alisema anatazama mdomo wa Kitinda.

Walicheka mpaka Randa akashika ukuta. Kisha wakarudi kwa watoto na kuwauliza wangependa ule ubao uweje. Watoto walisema mengi. Mmoja alitaka uwe na magurudumu. Msichana mwenye sauti kubwa ndiye aliyesema, "Tunataka kuzishika. Ziko juu sana, hazitaki kushuka."

Randa na Pindo walitazamana, kisha wote wawili wakamtazama Kiranja. Mbao nyingine hazikuwapo. Silabi zilikuwa tayari zimeandikwa, tena kwa mwandiko mzuri, lakini zilikuwa juu ya ubao mmoja. Kiranja aliufikiria ule ubao, jinsi mwalimu mkuu alivyosimama mbele yake akiusifu.

"Kwanza tujaribu kwa boksi," alisema. "Tusiukate mpaka tujue."

Walikata maboksi ya sabuni kuwa vipande, silabi moja kila kipande, wakaviweka kwenye mfuko. Pindo alishona mifuko midogo ya nailoni inayoonyesha juu ya kitambaa kirefu, safari hii bila kusukumwa, akakitundika chini, usawa wa vifua vya watoto. Mtoto anachota vipande bila kuchagua, anavisoma, kisha anavipanga kwenye mifuko ya kitambaa kuwa neno. Kwa kuwa vilitoka ovyoovyo, wimbo haukuwa na pa kuanzia.

Jaribio la kwanza halikwenda vizuri. Mtoto mmoja alitafuna "ke". Wengine walivigeuza vipande juu chini, wakabishana. Msichana mwenye sauti kubwa alitangaza kwamba hii ni mbaya. Zamani Kiranja angemjibu. Sasa alimuuliza mbaya wapi, naye akamwonyesha kwamba hajui upande upi ni miguu. Randa aliwaza, akasema atachonga pengo dogo upande wa chini wa kila kipande, ili kidole kijue miguu iko wapi hata kabla ya jicho. Na vipande vitakuwa vikubwa, visiingie mdomoni. Pindo aliongeza upana wa mifuko. Kiranja aliuliza, akasikiliza, akawaambia wenzake alichosikia.

Siku waliyoushusha ubao ukutani, Randa alimpa Kiranja msumeno. Alisema wa kwanza akate yeye. Kiranja alikata mstari kati ya "ba" na "be". Msumeno ulipinda kidogo mwanzoni, kisha ukaingia sawa. Jioni ubao haukuwapo tena. Kulikuwa na lundo la vipande kwenye kikapu, na vumbi la mbao ambalo walifagia wote watatu.

Watoto walivipenda. Walivigombania, walivipanga, walijenga maneno yaliyokuwapo na yasiyokuwapo, kisha wakabishana kama neno fulani lipo duniani. Kitinda hakuimba tena kila mara. Wiki ya kwanza alisoma polepole kuliko alivyokuwa akiimba, na mama akaogopa kwamba amerudi nyuma. Mwalimu Taratibu alimtuliza, akamwambia mtu anayetembea kwa miguu yake mwanzoni huenda polepole kuliko aliyebebwa.

Ikafika siku ya mtihani. Mwalimu Taratibu aliwaita watoto mmoja mmoja, akawapa sentensi alizotunga usiku uliopita, ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Kiranja na wenzake waliruhusiwa kusimama mlangoni, kwa sharti kwamba midomo yao isicheze.

Kitinda aliweka kidole kwenye karatasi. Alisoma "ku", akanyamaza. Akasoma "ku" nyingine. Pindo alishika kifua. Kidole kilisogea, kikasimama, kikasogea tena. Alisoma kuku amelala. Alisoma kuku amelala ndani ya. Kisha akafika neno la mwisho, akalisoma kwa kunong'ona, su, fu, ri, a, na ghafla akaanza kucheka. Alicheka mpaka pengo lake lote likaonekana.

"Mwalimu, kuku amelala ndani ya sufuria," alisema. "Si atapikwa?"

Wale wa mlangoni walielewa. Mtu hacheki neno alilolikariri. Mwalimu Taratibu aliandika alama yake, akaita anayefuata.

Mchana walimu wawili waliwaita watatu hao. Mwalimu Taratibu alisema kwamba watoto wengi wamefaulu, Kitinda akiwamo, wachache bado, na kwamba kikapu kitabaki darasani kwa ajili ya hao wachache. Mwalimu wa stadi za kazi alitoa penseli nyuma ya sikio, akaigeuzageuza.

"Ubao wenu wa kwanza haukuwa na kasoro ya mbao wala ya rangi," alisema. "Kasoro yake ni kwamba ulitengenezwa na watu watatu kwa kichwa kimoja, tena kichwa ambacho hakikwenda kumuuliza mwenye shida. Mmoja aliona mikono, mmoja mabegi, mmoja midomo. Kama mngekosa jicho moja kati ya hayo, kikapu hiki kisingekuwapo. Na wewe, binti, kumbuka hili. Kutojua si kosa, kila mtu huanza hajui. Kosa ni kusema nimeuliza wakati hujauliza, kwa sababu hapo unamfungia mlango mtu aliye nje, naye hajui kwamba umeufunga."

"Nimekumbuka, Mwalimu," alisema Kiranja.

"Vizuri. Darasa la pili nao wana shida na hesabu. Mtaanzaje?"

Randa na Pindo walimtazama Kiranja. Kiranja alifungua mdomo, akaufunga, kisha akawageukia wenzake na kusubiri waseme wao kwanza.